Java, C#, Kotlin au Python: programu yako inaanzia mlango upi?

Juzi baada ya magharibi mpwa wangu alikuja barazani kwangu Ngamiani, Tanga, laptopu kwapani, shikamoo akaitoa huku anakaa. "Mjomba, hii mashine inaniambia haioni main. Na main ipo. Hebu itazame."

Nikaitazama. main, yaani mlango ambao programu huanzia kazi, ipo kweli, ila ameiandika Main, kwa M kubwa. Wiki mbili nyuma alikuwa anafuata masomo ya C# kwenye simu. Chuoni wakamwambia somo lao ni Java, akahama na herufi yake. C# inataka Main, Java inataka main. Herufi moja, na mchana wake wote ulikuwa umeishia hapo.

Nilipomwonyesha alicheka, kisha akauliza lile ninaloulizwa karibu kila mwezi: "Sasa kati ya hizi nishike ipi?" Ana sababu ya kuuliza. Ana mtihani wa Java. Ana baba, yaani shemeji yangu, anayenunua samaki Deep Sea na kuwauza Makorora, hesabu zake zote ziko kwenye daftari lililolowa maji ya chumvi. Na ana hamu yake mwenyewe ya kutengeneza programu ya simu. Nikamwambia habari za kasi na mishahara tuziweke kando kwanza, tuangalie kila lugha inaanzia wapi. Mwanafunzi mgeni hujikwaa kizingitini, hajikwai chumbani.

Tukaandika salamu ile ile mara nne. Java:

```
public class Duka {
    public static void main(String[] args) {
        System.out.println("Karibu Deep Sea");
    }
}
```

C#:

```
class Duka {
    static void Main(string[] args) {
        System.Console.WriteLine("Karibu Deep Sea");
    }
}
```

Kotlin:

```
fun main() {
    println("Karibu Deep Sea")
}
```

Na Python:

```
print("Karibu Deep Sea")
```

Ukihesabu mistari, Python imeshinda na hakuna la kubishana. Ila mistari ni rahisi kuhesabu kuliko kuelewa, na hapa kuna jambo ambalo Java inalisema waziwazi wakati wenzake wanalificha.

Ya kwanza ilizaliwa na nani?

Katika lugha hizi kazi hufanywa na objekti, yaani vitu ndani ya programu vyenye taarifa na kazi zake. Objekti huzaliwa kutokana na klasi, na mara nyingi huzaliwa kwa sababu objekti nyingine imeihitaji. Sawa. Sasa ile ya kwanza kabisa ilizaliwa na nani? Unapoandika `java Duka` kwenye teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, hakuna objekti yoyote ya Duka popote. Kuna klasi peke yake, yaani ramani ya nyumba, na kiwanja bado kitupu. Mashine ya Java, yaani programu inayoendesha programu zako, inataka kuanza kazi na haina wa kumwita.

Hapo ndipo `static` inapoingia. Inasema methodi hii, yaani kipande hiki cha amri chenye jina, ni mali ya klasi yenyewe, iite hata kama hakuna objekti. `public` iko pale kwa sababu anayeiita main anatoka nje ya klasi yako: ni mashine, si wewe. `void` maana yake main hairudishi jibu. `String[] args` ni safu ya maneno ambayo mtu ameyaandika mbele ya jina la programu wakati wa kuiendesha. Maneno manne, na kila moja lina kazi yake.

Nimeshasikia walimu wakisema, "Hayo yaandikeni tu, mtayaelewa muhula ujao." Siwalaumu, saa za somo ni chache. Lakini hilo ndilo deni la Java: siku ya kwanza unatia sahihi mkataba ambao hujausoma. Mpwa wangu alikuwa na kama wiki mbili za Java na hakuna aliyemwambia `static` iko pale kwa nini. Alidhani ni heshima, kama kuvua viatu mlangoni.

Tena main yenyewe si lazima iwe ya kwanza kufanya kazi. Mjaribie mtu kwa hii:

```
public class Duka {
    static {
        System.out.println("Natandika mkeka");
    }
    public static void main(String[] args) {
        System.out.println("Karibu");
    }
}
```

Mkeka unatandikwa kwanza, ndipo mgeni anakaribishwa. Sababu ni kwamba klasi lazima iandaliwe kabla methodi yake yoyote haijaitwa, na kipande hicho cha `static` ni sehemu ya maandalizi. Lugha ya C++ nayo ni hivyo hivyo: main yake imekaa nje ya klasi zote, lakini objekti za nje zilizotangazwa kwenye faili hilo hilo huandaliwa kabla haijafikiwa. C++ sitaizungumzia zaidi ya hapo. Anayeihitaji anajua kwa nini anaihitaji.

Java imepunguza masharti, lakini angalia toleo lako

Malalamiko ya wanafunzi yamesikika. Mwaka 2023 Java 21 ilileta kwa majaribio namna fupi ya kuanza, na Java 25, iliyotoka Septemba 2025, imeifanya ya kudumu. Sasa faili zima linaweza kuwa hili:

```
void main() {
    IO.println("Karibu Deep Sea");
}
```

Klasi hujaiandika, lakini ipo. Kompaila, yaani programu inayogeuza ulichoandika kiwe kitu mashine inachokielewa, imeitengeneza kimyakimya. Na kwa kuwa main hii haina `static`, mashine yenyewe inaunda objekti ya kwanza, kisha inaita main juu yake. Lile swali la nani alimzaa wa kwanza limejibiwa na mashine, mwanafunzi hasumbuliwi nalo.

Mimi nimeipenda, ila kuna tahadhari. Kompyuta nyingi zinazoletwa kwangu zimewekwa Java 8, ambayo ni ya 2014, na huko hiyo namna fupi haipiti kabisa. Kabla hujaiga kitu ulichokiona kwenye simu, andika `java -version` usome namba. Ukikuta 11 au zaidi, angalau unaweza kuendesha faili moja kwa moja kwa `java Duka.java` bila kupita hatua ya kompaila mwenyewe. Na mtihani ukitaka ile ndefu, andika ile ndefu. Inafanya kazi kwenye matoleo yote, ya zamani na mapya.

C# ilitangulia njia hii. Tangu C# 9 ya mwaka 2020 unaweza kuandika amri zako juu ya faili bila klasi wala Main, na kompaila inakutengenezea klasi iitwayo Program pamoja na Main yake. Faili moja tu ndilo linaruhusiwa kufanya hivyo katika mradi mzima. Ukiweka la pili, kompaila inakataa, maana haitajua ianzie lipi.

Kosa linajitokeza lini

Hiki ndicho kipimo ninachokitumia zaidi, na sioni kikitajwa sana. Umekosea mlango. Lugha inakwambia saa ngapi?

Turudi kwa M kubwa ya mpwa wangu. Kompaila ya Java iliipitisha bila neno lolote. Machoni pake, Main ni methodi halali kama nyingine yoyote. Angeiita Mkunga au Changu ingepita pia. Lawama ilikuja baadaye, alipoiendesha: haioni main ndani ya klasi Duka. Yaani Java inakuacha utoke nyumbani, ufike mpaka kwa mwenyeji, ndipo ukute umekosea nyumba.

C# haingoji. Programu ya kuendeshwa isipokuwa na Main inayofaa, kompaila inagoma palepale, kosa namba CS5001. Zikiwa Main mbili, inagoma pia, CS0017, mpaka uichagulie moja. Java kwa upande wake haina tatizo na main ishirini. Kila klasi inaweza kuwa na yake, na wewe unataja unayoitaka wakati wa kuendesha. Hilo ninalitumia: klasi ya hesabu za kilo naiwekea main yake ndogo ya kujaribia, ya risiti nayo yake, na ile kubwa inabaki peke yake. Kwa hiyo ulegevu wa Java hapa si kasoro tupu.

Python ndiyo hatari zaidi, kwa sababu haisemi kitu. Mtu aliyetoka Java anaandika hivi:

```
def main():
    print("Karibu Deep Sea")
```

Anaiendesha. Hakuna kosa, hakuna salamu, teminali inarudi kumtazama. Python imesoma faili kutoka juu hadi chini, imekuta maelezo ya fanksheni (kama methodi, ila nje ya klasi) iitwayo main, imeyahifadhi, basi. Neno main kwake halina uchawi wowote. Lazima uiite mwenyewe. Nimemwona kijana akifuta Python yote na kuiweka upya kwa ajili ya mabano mawili yaliyokosekana.

Basi la Dar linatoka stendi ya Kange, ukitaka usitake, na ukienda kulisubiri kwingine ni shauri yako. Python ni bodaboda: inaanzia pale pale uliposimama. Raha yake ni hiyo, na msiba wangu nao ulikuwa huo.

Siku hesabu zilipojirudia

Miaka kadhaa nyuma niliandika programu ndogo ya Python kwa duka moja la hapa mjini. Faili la kwanza, `mauzo.py`, lilikuwa na fanksheni ya kupiga bei, na chini yake mistari iliyosoma mauzo ya siku na kuyaongeza kwenye faili la kumbukumbu. Likafanya kazi vizuri. Baadaye mwenye duka akataka ripoti ya wiki. Nikaandika `ripoti.py`, na kwa kuwa fanksheni ya bei ilikuwa tayari kule, nikaandika tu juu yake `import mauzo`.

Wiki ya pili mama mwenye duka akanipigia. "Mwanangu, hii kompyuta yako inasema nimeuza ndoo tisini. Mimi ndoo tisini nizitoe wapi?"

Kumbe kila alipofungua ripoti, `import mauzo` iliendesha faili la mauzo lote, pamoja na ile mistari ya chini inayoongeza mauzo kwenye kumbukumbu. Akitazama ripoti mara tatu kwa siku, mauzo ya siku hiyo yanaingia mara tatu zaidi. Python ilifanya nilichoiambia. Kuingiza faili kwake ni kuliendesha.

Dawa ni mistari miwili ambayo wageni wengi huiona ni ushirikina:

```
if __name__ == "__main__":
    main()
```

Kila faili la Python hupewa jina ndani ya `__name__`. Faili ulilolianzisha wewe hupewa jina `__main__`. Lililoingizwa na lingine hupewa jina lake la kawaida, kwa mfano `mauzo`. Kwa hiyo mistari hiyo inauliza: mimi ndiye niliyeitwa, au nimealikwa tu? Kama nimealikwa, nakaa kimya, chukueni fanksheni mnazotaka. Tangu siku ile siandiki faili la Python linalozidi skrini moja bila mistari hiyo, hata kama ni la kuchezea.

Sasa linganisha. Java na C# haziwezi kukuletea balaa hili kwa namna hiyo, kwa sababu kuitumia klasi ya Duka kutoka klasi nyingine hakuiendeshi main yake. Yale masharti ya mwanzoni yaliyokuwa yanakera ndiyo yanayokulinda hapa.

Kilo 12 na kilo 7 ni ngapi?

Jambo dogo la args, kwa sababu mpwa wangu aliliangukia usiku ule ule. Alitaka kutaja kilo za asubuhi na za jioni wakati wa kuendesha:

```
java Duka.java 12 7
```

Ndani akaandika `args[0] + args[1]`. Programu ikamjibu kilo 127. Shemeji yangu angefurahi sana, lakini hakuna. Vinavyokuja kupitia mlangoni ni maandishi, hata vikifanana na namba, na alama ya kujumlisha kati ya maandishi huyaunganisha tu. Lazima kwanza uyageuze kuwa namba kwa `Integer.parseInt`. Python ina mtego ule ule, na mmoja wa ziada: katika `sys.argv` nafasi ya 0 imekaliwa na jina la faili lenyewe, kwa hiyo 12 iko nafasi ya 1. Kwenye Java, C# na Kotlin nafasi ya 0 ni neno la kwanza ulilolitoa. Ukihama lugha, hesabu zako zitateleza kwa nafasi moja na utatafuta sababu usiione.

Kotlin, na ile ndoto ya simu

Kotlin ina mlango mwepesi: `fun main()`, nje ya klasi yoyote, na tangu toleo 1.3 la 2018 hata args si lazima. Ndani yake lakini ni Java. Faili lako la `duka.kt` linageuzwa kuwa klasi iitwayo DukaKt, na main yako inakaa humo kama methodi ya static. Mtu akikwambia "endesha Duka" na ikakataa, jaribu DukaKt.

Nilipofika hapo mpwa wangu akachangamka, maana alishasikia kwamba tangu 2019 Google wanaipa Kotlin nafasi ya kwanza kwenye Android. Ni kweli. Ila nilimvunja moyo kidogo: kwenye Android main hutaiandika. Programu ya simu haina mlango mmoja. Mtu anaweza kuigusa alama yake, au kuingia kupitia taarifa iliyotokea juu ya skrini, au programu nyingine ikaifungua. Unachoandika ni Activity, yaani ukurasa mmoja wa programu, yenye methodi `onCreate`, na mfumo wa simu ndio unaoiunda objekti hiyo na kuiita wakati wake. Neno main utalikuta kwenye faili la `AndroidManifest.xml`, kwa herufi kubwa, `android.intent.action.MAIN`, pale unapoutambulisha ukurasa wa kufunguka kwanza. Main ya kweli, ile ya static, ipo ndani ya Android yenyewe, wameshaiandika wenzako.

Kwa hiyo anayejifunza Kotlin kwa ajili ya simu asikae sana na `fun main()`. Aijue kwa mazoezi, kisha aende kwenye Activity mapema.

Basi ushike ipi

Kama una mtihani wa Java, swali halipo. Jifunze ile main ndefu, neno kwa neno, na ujue kila neno liko pale kwa nini. Ile fupi ya Java 25 itumie nyumbani kwa majaribio. Akili ya `static` ukishaipata, C# utaiingia kwa juma moja, mradi ukumbuke M kubwa.

Kama unataka kitu kifanye kazi dukani wiki hii, kwenye kompyuta moja, mtumiaji mmoja: Python, pamoja na mistari yake miwili ya ulinzi. Sijali kama huna mpango wa kuingiza faili hilo kokote. Utaingiza.

Ofisi yenye kompyuta za Windows, madirisha na vitufe, watu watatu wanaandika mradi mmoja: hapo ningechukua C#, kwa sababu ya ile tabia yake ya kugoma mapema. Watu wakiwa wengi, kosa linaloonekana kwenye kompaila ni nafuu kuliko linaloonekana mbele ya mteja. Na Kotlin ni ya simu. Kwa hayo mengine sioni aliyeanza leo anapata nini kwayo ambacho Java haimpi, ingawa najua kuna watakaonishambulia kwa kauli hii.

Mpwa wangu amechukua mbili. Java kwa chuo, Python kwa daftari la baba yake. Jana alinitumia picha ya skrini: `kilo.py`, mistari ishirini na mbili, `__name__` ipo mwishoni, na chini yake jibu la 12 na 7 ni 19. Nikamwuliza kama amempelekea baba. Akasema bado, baba anataka kwanza kujua kama ikilowa itaharibika.